Msimtazame Staringi Peke Yake

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, jioni, kabla ya kuonyeshwa picha ya "The Man Who Shot Liberty Valance" bwaloni)



Nimepewa nusu saa, na Katibu amekwisha kunionya kwamba chakula kitakuwa tayari kabla sijamaliza. Nitajitahidi kushindana na harufu ya pilau, ingawa najua nani huwa mshindi.

Kamati ilipotangaza kwamba mwaka huu tutaonyeshwa picha ya kauboi ya mwaka 1962, tena isiyo na rangi, vijana wa chama cha sinema cha shule walileta barua. Ni barua ya adabu, imeandikwa kwa Kiswahili safi, nayo inauliza hivi: picha yenye mtu mweusi mmoja tu, ambaye kazi yake ni kumshikia Mzungu bunduki, ina faida gani kwetu sisi wa leo? Swali hili halistahili kujibiwa kwa mzaha. Niliyo nayo usiku huu yote ni majibu ya barua hiyo, lakini nitapita njia ya kuzunguka kidogo kabla ya kufika.

Kwanza niwaeleze vijana jinsi sisi tulivyokuwa tukitazama. Wakati wetu picha ya kauboi ilikuwa na watu wa namna tatu: staringi, adui, na wengineo. Staringi hafi. Hiyo ilikuwa sheria, na mtu aliyekwisha kuiona picha jana alikuwa na haki kamili ya kuwatangazia jirani zake nani atapigwa risasi na wakati gani. Katika majumba ya sinema, iwe Avalon na Empire kule Dar es Salaam au Majestic ya Unguja, kelele zote zilikuwa za staringi. Wale wengineo hata majina hatukuwajua. Tuliwaita "yule mzee asiye na meno", "yule mwenye macho membamba", "yule mnene wa gari la farasi". Ajabu ni kwamba leo, nikikaa na wenzangu wa darasa, hadithi za picha zile zimetutoka kabisa, hatujui nani alimwoa nani, lakini mzee asiye na meno bado tunaye.

Mzee huyo alikuwa Walter Brennan. Alipata tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi kwa picha za mwaka 1936, 1938 na 1940, akawa mwigizaji wa kwanza duniani kufikisha Oscar 3. Ya tatu ilitokana na picha ya kauboi, "The Westerner", ambamo staringi alikuwa Gary Cooper. Cooper kwa picha hiyo hakupata kitu.

Mtazameni Brennan katika "Red River", picha ya Howard Hawks iliyotoka mwaka 1948. Yeye ni Groot, mpishi wa msafara wa ng'ombe maelfu wanaoswagwa kutoka Texas. Mwanzoni Groot anacheza karata na Mhindi Mwekundu mmoja aitwaye Quo, na kwa kukosa fedha anaweka rehani meno yake ya bandia. Analiwa. Tangu siku hiyo Quo anayaweka meno hayo mfukoni mwake, akimpa mwenyewe wakati wa kula tu. Sisi tulicheka, tukadhani basi, ni kichekesho. Lakini picha ile ni habari ya mtu mkali, ambaye ni John Wayne, anayezidi kuwa dhalimu kadiri safari inavyoendelea, hata watu wake wakaanza kumwogopa kuliko njaa. Mmoja tu ndiye anayeweza kumtazama usoni na kumwambia kwamba amekosea. Ni Groot, mwenye meno ya kuazima. Mtu ambaye wote wamezoea kumcheka amepewa ruhusa ya kusema kweli; vijana wanaosoma tamthilia watamtambua mara moja, kwani ni yule yule mchekeshaji wa ikulu. Na yule Quo alichezwa na Chief Yowlachie, mtu wa kabila la Yakama, ambaye kwa maneno machache sana anamzidi Brennan ujanja kila wanapokutana.

(Nikisema watu wasiotazamwa, naona wazee mmeanza kutabasamu, mmemkumbuka mpishi wetu. Huko siendi, tutamaliza usiku.)

Sasa niende kwenye "High Noon" ya Fred Zinnemann, ya mwaka 1952. Kisa chake ni kifupi: mlinzi wa mji, Gary Cooper tena, ameoa asubuhi hiyo, na anapata habari kwamba muuaji aliyempeleka jela anarudi kwa treni ya saa sita mchana. Anazunguka mji mzima akiomba msaada, na mji mzima una udhuru. Picha ni ya dakika 85, na muda ndani ya hadithi unakwenda karibu sawasawa na muda wa saa yako mkononi. Kila mara mnaonyeshwa saa ya ukutani. Saa hizo ziko nyuma ya watu, ofisini, hotelini, baa, na ukianza kuzitafuta utaona kwamba ndizo adui wa kweli. Yule muuaji mwenyewe hatokei mpaka mwisho karibu.

Lakini mimi ninachokipenda zaidi ni hakimu. Hakimu yule ndiye aliyemhukumu muuaji, na aliposikia anarudi anafungasha. Anamweleza Cooper historia ya mji fulani wa kale, maneno ya msomi, ya kupendeza. Ukitazama mdomo wake unasikia somo la historia. Ukitazama mikono yake unaona anaishusha bendera ukutani na kuikunja, kisha anaichukua mizani ya haki iliyokuwa ofisini na kuitia pamoja na vitabu vyake. Sheria inaondoka mjini ndani ya mkoba wa farasi, na hakuna mtu aliyelisema jambo hilo kwa sauti. Katika picha hizi ni vizuri mara moja moja kuacha kusikiliza na kutazama mikono.

Mtu wa kwanza kabisa kuonekana katika "High Noon" si staringi wala mkewe. Ni kijana mwembamba, ameketi peke yake juu ya jiwe, akingoja wenzake. Ana kinanda cha mdomo. Picha nzima hasemi neno hata moja, na kwenye dakika ya themanini hivi anakufa. Hiyo ilikuwa picha yake ya kwanza, na jina lake ni Lee Van Cleef. Naam, yule yule ambaye baadaye tulimlipia viingilio kama staringi kamili. Alisimama nyuma ya wengine miaka 13 mpaka Sergio Leone alipomwita Ulaya kwa picha ya mwaka 1965, "For a Few Dollars More". Usiku wa leo mtamwona akiwa bado katika miaka ile ya kungoja: yumo, nyuma ya bega la Liberty Valance.

Tena kuna Katy Jurado, mwanamke wa Mexico, anayecheza bibi mwenye mali aitwaye Helen Ramirez. Wanaume wa mji wanapojadiliana kanisani kama wapigane au wasipigane, yeye amekwisha kuuza sehemu yake ya duka, amefunga virago, na ameielewa hali nzima. Ndiye anayemwambia mke wa staringi, Grace Kelly, kwamba kama mume yule angekuwa wake asingemwacha. Bila maneno hayo picha ingekwisha vingine. Jurado alipata tuzo ya Golden Globe ya mwigizaji msaidizi, na haikupata kutokea kabla yake kwa mwigizaji wa kike wa Mexico.

Ndugu Mwenyekiti, naona saa. Lakini siwezi kuipita "The Searchers" ya John Ford, ya mwaka 1956. (John Ford huyu ndiye aliyekuja Afrika Mashariki kupiga picha ya "Mogambo", iliyotoka 1953, na Hawks naye alimleta John Wayne Tanganyika kwa ajili ya "Hatari!", iliyotoka mwaka ule ule wa picha ya leo. Kwa hiyo watu hawa si wageni kabisa kwetu.)

Mwanzoni mwa "The Searchers" mtu amerudi kwa ndugu yake baada ya miaka mingi ya vita na kutangatanga. Kunapambazuka, kikosi cha wenyeji kimekuja kutafuta ng'ombe walioibwa, nyumba imejaa watu. Kiongozi wa kikosi ni mchungaji na kapteni kwa pamoja, anachezwa na Ward Bond, mtu mkubwa mwenye sauti ya kufokea. Wengine wametoka. Yeye amesimama katikati ya chumba anamalizia kahawa. Kwenye chumba cha nyuma, mlango ukiwa wazi, mke wa mwenye nyumba anachukua koti la shemeji yake. Hajui kama anatazamwa. Analipapasa lile koti polepole, kama mtu anavyompapasa mtoto aliyelala. Ward Bond ameona. Analofanya ni kutazama mbele, ukutani, na kuendelea kunywa kahawa. Shemeji anakuja, anapewa koti, anambusu yule mama kwenye paji la uso, anaondoka; na yule bwana wa kahawa hageuki hata kidogo.

Katika picha nzima hakuna mtu anayetamka kwamba wawili wale walipendana. Hakuna. Yote tunayoyajua tumeyajua kwa mtu mmoja aliyekataa kugeuza shingo. Nasi tulioshangilia risasi tulidhani wakati ule ndio wakati mzuri wa kwenda kununua karanga.

Mwisho wa picha hiyo kuna jambo jingine. John Wayne amesimama nje ya mlango, wenzake wote wameingia ndani. Kwa mkono wa kushoto anaushika mkono wake wa kulia karibu na kiwiko. Mkao ule si wake. Ulikuwa wa Harry Carey, mkongwe wa picha za kauboi tangu enzi za picha zisizo na sauti, aliyefanya kazi na Ford tangu mwaka 1917 na kufariki mwaka 1947. Mama aliyeingia mlangoni muda mfupi kabla, akiwa amemkumbatia binti aliyerudishwa, alichezwa na Olive Carey, mjane wake.

Kuna watu wengine nitawataja haraka, si kwa kuwadharau bali kwa sababu hata picha zenyewe ziliwataja haraka au hazikuwataja. Katika "Stagecoach" ya mwaka 1939, Mhindi Mwekundu anaruka kutoka farasi wake hadi farasi wanaokokota gari, anapigwa risasi, anaanguka katikati yao na gari linapita juu yake. Aliyefanya hivyo ni Yakima Canutt, Mzungu aliyevalishwa, bingwa wa kuanguka kwa niaba ya wengine. Alikuja kupewa Oscar ya heshima mwaka 1967. Na wale Waapache wanaolifukuza gari walikuwa Wanavajo wa Monument Valley. Walicheza kabila lolote walilotakiwa kulicheza, picha baada ya picha, wakianguka kwa mamia, nasi huku Afrika tukipiga makofi kila anapoanguka mmoja. Hilo nalo vijana wana haki ya kutuuliza.

Sasa nimefika kwenye barua.

Mtu mweusi wa picha ya usiku huu anaitwa Pompey, na aliyemcheza ni Woody Strode. Alizaliwa Los Angeles mwaka 1914. Alisoma UCLA, akicheza futiboli ya Kimarekani timu moja na Kenny Washington na Jackie Robinson. Mwaka 1946 yeye na Washington walichukuliwa na Los Angeles Rams, wakavunja mwiko uliokuwa umewafungia wachezaji weusi mlango wa ligi kuu ya mchezo ule kwa misimu 12. Kwenye sinema alianza kama mwili tu: mrefu, mwenye kifua, wa kusimama nyuma na mkuki. Mwaka 1960 alipigana na Kirk Douglas katika "Spartacus", na mwaka huo huo Ford akampa kisa kizima cha "Sergeant Rutledge", habari ya sajenti mweusi anayeshtakiwa kwa kosa asilolitenda; hata hivyo jina lake halikutangulia kwenye orodha. Mwaka 1968 ilitoka picha ya Mwitalia Valerio Zurlini, ambamo Strode alimcheza kiongozi wa Kiafrika anayeteswa na kuuawa, na kila aliyeiona alijua kwamba anayezungumziwa ni Patrice Lumumba. Mwaka huo huo alionekana katika kituo cha treni, mwanzo wa "Once Upon a Time in the West", tone la maji likimdondokea kichwani. Badala ya kuhama anavaa kofia, anayaacha maji yajae ukingoni, kisha anayanywa. Muda si mrefu anapigwa risasi. Sijui waigizaji wengi wanaoweza kukaa kimya hivyo ukawakumbuka miaka 50.

Pompey ni mfanyakazi wa Tom Doniphon, yaani John Wayne. Doniphon anamwita "boy". Strode alikuwa na miaka 47 picha hiyo ilipopigwa. Neno hilo babu zetu walilijua vizuri. Lilivuka bahari likaingia Kiswahili, na mtu aliitwa boi hata akiwa na wajukuu. Kwa hiyo sitawaambia vijana kwamba barua yao imekosea. Haikukosea. Ninachowaomba ni kutazama anasimama wapi.

Katika mkahawa, staringi anamkabili Liberty Valance, mwenye wenzake wawili. Watu wote macho yako kwa Wayne. Tazameni mlango wa jikoni: Pompey yupo na bunduki, na hiyo ndiyo hesabu inayomfanya Valance aondoke. Ushujaa wa staringi una mtu mlangoni.

Baadaye kuna darasa. Mwanasheria kijana, James Stewart, anawafundisha watu wa mji kusoma: watoto, akina mama, wageni, na Pompey. Ubaoni ameandika kwamba elimu ndiyo msingi wa sheria na utaratibu. Pompey anasimama, nyuma yake picha ya Abraham Lincoln, anatamka kwa moyo Tangazo la Uhuru la Marekani, na anakwama mahali pale hasa panaposema kwamba watu wote wameumbwa sawa. Mwalimu anamfariji kwa kumwambia kwamba wengi huwa wanapasahau pale. Wakati wenzangu wanacheka, tazameni uso wa Strode, hachezi kichekesho. Mara Doniphon anaingia na kumwamuru arudi kazini, kwamba kusoma kwake kumekwisha. Pompey anatoka. Kisha mwalimu mwenyewe anayafuta yale maneno ya ubaoni. Nimeketi katika madarasa ya shule hii miaka 4, na sijui picha nyingine yenye darasa la kuumiza kama lile.

Utakapofika mkutano wa uchaguzi, watu wamejaa ndani wakisema demokrasia kwa sauti kubwa. Pompey haingii. Yuko nje barazani. Na usiku ule mgumu Doniphon anapoingia baa amelewa, mwenye baa anakataa kumpa Pompey kinywaji. Doniphon anafoka apewe, lakini Pompey hanywi, anataka tu kumpeleka bwana wake nyumbani. Usiku huo huo ndiye anayemtoa kwenye moto.

Kuna siri katika picha hii, nami siitoboi kwa ajili ya wasioiona. Nasema hili tu. Picha inaanza na jeneza. Seneta mzee amekuja kwa treni kumzika mtu asiyejulikana, na waandishi wa habari wanadai kuelezwa sababu. Seneta anakaa nao anawasimulia kisa chote, kirefu, tangu mwanzo. Kwenye chumba cha jeneza ameketi mzee mmoja mweusi, mvi tupu. Yeye alikuwepo. Siku zote zile alikuwepo, na usiku wa mambo yenyewe alikuwa karibu kuliko wengi. Waandishi wanamwacha ameketi. Wana kalamu, wana karatasi, wana mhariri wao pamoja nao, na hakuna hata mmoja anayemuuliza neno.

Kama John Ford alikusudia, au aliona tu kwamba mambo ndivyo yanavyokuwa, tunaweza kubishana mpaka asubuhi. Mimi naamini alijua zaidi ya alivyothubutu kusema. Lakini Woody Strode alijua. Amelicheza jambo hilo kwa mgongo na mabega, bila maneno, mbele ya macho ya watu waliolipa kumwona John Wayne.

Fundi wa mashine ananiashiria, na pilau imekwisha kushinda kama nilivyosema. Tukishakula, picha itaanza saa mbili kamili. Kijana aliyeandika barua nimemwekea kiti mstari wa mbele, na daftari. Namwomba aandike, kila tukio, Pompey yuko wapi: mlangoni, nje, ukutani, nyuma ya nani. Na mwishoni kabisa seneta anapoaga, amtazame anavyopokea fedha anazotiwa mkononi. Kisha anijibu yeye barua yangu, nami nitamwomba Mhariri aichapishe katika toleo lijalo.

Walio karibu na madirisha wavute mapazia.